Dhana, kisio, fumbo au "tumechukulia": neno lipi kwa kile ambacho hakuna aliyekisema?

Mwaka juzi nlipewa karatasi nne za Kiingereza nizitie Kiswahili, mapatano baina ya mwenye nyumba ya wageni upande wa mashariki wa Unguja na fundi wa milango ya kuchonga, mzee wa Kipemba, kwao Wete lakini karakana yake iko mjini miaka mingi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya yale mambo ambayo kila upande umeyachukua kuwa ndivyo yalivyo bila ya mtu kuyatamka, na juu yake kichwa cha habari. Umeme ushakatika, betri ya kompyuta imebakisha kidogo, mie nkaandika kwa herufi kubwa DHANA ZISIZOTAJWA, nkaenda kuprinti dukani, nkampelekea.

Nlimkuta anapiga randa. Shkamoo fundi, marahaba mwanangu, karibu, kahawa ikaletwa. Akapangusa vumbi la mbao mikononi, akavaa miwani akaanza kusoma, anasoma kwa kidole mstari kwa mstari, pale anapokubali anaitikia kwa kichwa. Alipofika ukurasa wa nne kidole kikasimama.

"Mwanangu, hawa watu wananidhania nini hata washindwe kukitaja?"

Nkacheka nkijua ni mzaha. Hakucheka. Akanambia yeye kaanza kuchonga milango mie sijazaliwa na hajatokea mteja akamtilia dhana, tena ya kuficha, tena kwa maandishi. Akazikunja zile karatasi akanirudishia pamoja na kikombe. Kazi ikakaa wiki mbili kwa neno moja, na lawama zote zikaja kwangu, na haki yangu.

Bas tangu siku ile nimekuwa kama mwenye maradhi, kila nkikutana na mtu anayeandika nauliza, hichi kitu weye unakiitaje? Kile kitu ambacho hakikusemwa lakini maneno yote yaliyosemwa yamekikalia. Nimekusanya majibu mengi na nimeyajaribu moja moja, kwa hivo hapa nayaweka ubavu kwa ubavu, mtu anayetafsiri au anayeandika tasnifu au anayetaka tu kuandikiana na fundi wake asije akarudishiwa kikombe.

Kwanza kitu chenyewe. Mtu akikwambia "nataka mlango" kwa Zanzibar hajasema mlango tu. Kama ni wa kuchonga basi kuna miimo miwili, kuna kizingiti, kuna mfaa ule ubao wa katikati, kuna mbao za mfenesi au msaji, na kuna swali la misumari ya shaba ni juu ya nani. Hakuna aliyetamka hata moja katika hayo. Lakini ukichunguza utaona hayo yasiyotamkwa si ya namna moja. Kuna jambo ambalo msemaji analijua na kalificha kwa makusudi. Kuna ambalo wote wawili wanalijua kwa hivo hakuna haja ya kulisema, kama miimo, nani ananunua mlango usiokuwa na miimo? Na kuna lile baya kuliko yote, ambalo kila mmoja kalibeba kivyake na hata hajui kama kalibeba, mpaka siku ya kulipana ndo linaanguka chini kwa kishindo, kama ile misumari ya shaba. Maneno yetu ya Kiswahili yanaachana hapahapa, na ukichagua bila ya kuangalia ni namna gani unayoizungumza utakosea kama nlivyokosea mimi.

Nianze na mkosaji mwenyewe, dhana. Asili yake Kiarabu, dhann, na huko kwao neno hili lina uwanja mpana ajabu, linaanzia kwenye shaka tupu linakwenda mpaka karibu na yakini. Sura ya Al-Hujurat aya ya 12 waumini wanaambiwa wajiepushe na dhana nyingi kwani baadhi ya dhana ni dhambi, aya hii kila mtu aliyekaa darsa msikitini anaijua. Lakini Al-Baqara aya ya 46 kitenzi hichohicho kimetumiwa kwa wale walio na hakika kwamba watakutana na Mola wao, na wafasiri wanasema pale maana yake ni yakini. Neno moja, huku dhambi huku imani. Sisi tulipolichukua mtaani tukaegemea ule upande wa Al-Hujurat. Ukimwambia mtu "una dhana" hujamsifu. "Dhana mbaya" inatamkwa mara nyingi kuliko dhana njema, na hata kanga ina jina lake, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", na anayenunua kanga ile hanunui rangi peke yake.

Halafu ikaja skuli na chuo kikuu. Huko dhana imepewa kazi nyengine kabisa, ni wazo la jumla, "dhana ya uhuru", "dhana ya utu", na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika dhana mara ishirini katika ukurasa mmoja wala hamshuku mtu. Sasa ukiandika "dhana fiche" msomaji wa chuo ataona wazo gumu lililojificha, msomaji wa karakana ataona anashukiwa kwa siri, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ulichokusudia. Ndo mana dhana naiweka pembeni. Si neno baya, lina waume wawili tu na hawa wawili hawapatani.

Wapo wanaoandika dhanio, ili waiokoe. Kwa umbo halina kosa, waza inatoa wazo, kisia inatoa kisio, kwa nini dhani isitoe dhanio. Kwenye tasnifu linafaa na nimelitumia, mana pale msomaji anajua limekaa kama istilahi na ukurasa wa kwanza unalieleza. Nje ya pale halitembei. Nlimjaribia dada yangu kwenye meseji, nkamwandikia "hilo ni dhanio lako", akanijibu "ndo nini, na weye usinianze".

Kisio na makisio. Haya nayo Kiarabu, kutoka qiyas, kupima kitu kwa kitu chengine, ndugu yake kiasi. Wanafiqhi wanaita qiyas ule utaratibu wa kulipima jambo jipya kwa jambo la zamani lenye hukumu yake. Kwa hivo ndani ya kisio kuna kipimo, kuna mtu kakaa kafikiri. Fundi anakisia mbao ngapi, mama anakisia mchele wa wageni ishirini, na wote wanajua kuwa wanakisia na ukiwauliza watakwambia. Sasa ile dhana yetu isiyotajwa sifa yake kubwa ni kwamba hakuna aliyeipima wala aliyekaa kuifikiri! Kwa hivo kwenye bajeti na mambo ya hesabu chukua kisio bila ya wasiwasi, "kisio letu ni kwamba bei ya saruji haitapanda", kwengine kote liache. Makadirio vilevile, hilo kila mwaka linasomwa Baraza la Wawakilishi, makadirio ya mapato na matumizi, limeshaolewa na serikali.

Ila hapo kwenye makadirio pana kitu kinachonitia wivu, niruhusuni nitoke njiani kidogo. Sisi tuliosoma nahau, yani sarufi, ya Kiarabu chuoni, kwenye madrasa, tunakumbuka, mwalimu anasema "qum", simama, halafu anauliza mtendaji yuko wapi? Neno ni moja, mtendaji haonekani. Jibu lake tulilikariri kama wimbo, mtendaji ni dhamiri iliyojificha na takdiri yake ni "anta", wewe. Takdiri! Yani neno ambalo halipo lakini lazima ulirudishe ndio sentensi isimame. Wanavyuoni wa nahau wa Kiarabu wana istilahi ya kile kisichosemwa na kinachohisabiwa kama kimesemwa, na sisi mzizi huohuo tumeuchukua tukapata kadiri na kadiria na makadirio, lakini maana ile tamu tumeiacha chuoni. Mwalimu wetu akikuonesha kwa mfano, anakutazama na bakora iko mkononi, anasema "simama", na hakuna katika chumba kizima mtoto aliyeuliza nani asimame.

Na hiyo dhamiri. Kwa Kiarabu dhamir ni kilichofichika moyoni, ndo mana katika nahau ikawa jina la kile kiwakilishi na kwetu ikawa ile sauti ya ndani inayomsuta mtu. Wanafalsafa wa Kiarabu walipomsoma Aristotle kwenye mambo ya ufasaha walikuta neno lake la Kigiriki, entimema, hoja ambayo kipande kimoja hakikutamkwa kwa kuwa msikilizaji atakijaza mwenyewe. Wakalitafsiri nini? Dhamir. Na lile la Kigiriki lenyewe ukilivunja ndani lina "thymos", moyo, nafsi. Wagiriki moyoni, Waarabu moyoni. Ukitaka mfano wa hoja ya namna hiyo kaa barazani dakika tano: "Yule hafai kupewa dau, hajui kuogelea." Kipande kinachoshikilia maneno yote mawili, kwamba nahodha lazima ajue kuogelea, hakuna aliyekitamka na hakuna aliyekidai.

Kwa hivo dhamira au dhamiri lingekuwa ndo neno letu kwa haki ya nasaba. Lakini limeshachukuliwa, dhamira ni nia, na kila aliyesoma fasihi skuli kaandika "dhamira kuu za mwandishi" mpaka mkono ukafa ganzi. Ukimwambia mtu "dhamira yako isiyosemwa" umeshamtuhumu ana njama. Nimeliacha kwa masikitiko.

Twende fumbo, na hapa ntakaa. Wengi nliowauliza, hasa wanawake, jibu la mwanzo ni hili, "si fumbo hilo?" Fumbo si la Kiarabu, ni letu la Kibantu, linatoka kufumba, fumba jicho, fumba mkono, fumba mdomo. Kitu kimo ndani ya kiganja na kiganja kimefungwa, ukitaka ukione ufumbue. Ukilitazama vizuri picha yake haiko mbali na ya Walatini, "implicare", kukunja kitu ndani ya kitu, ndiko lilikotoka neno "implicit" la Waingereza. Wao wamekunja nguo, sisi tumefumba ngumi.

Na Zanzibar fumbo ni elimu ya watu. Jina la kanga ni fumbo, kijembe ni fumbo lenye makali, na taarabu bila ya mafumbo itakuwa matangazo ya redio tu. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba kwa mji ambao kila mtu anajua ubeti huu kapigwa nani na hakuna aliyetajwa jina. Na kazaliwa kijiji cha Fumba, sijasema kitu mie. Ukumbini mpaka leo utamuona mtu kasimama anakwenda kutunza, noti iko juu, anapita makusudi mbele ya meza fulani anazunguka, anarudi, na meza ile wote wanaangalia simu zao.

Sasa tazama. Yule anayetunza anajua, wale wa kwenye meza wanajua, na sisi wengine tunajua. Fumbo limesemwa bila ya kusemwa, lakini limekusudiwa. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice aliyatolea darsa mambo haya Harvard mwaka 1967, ikachapishwa 1975, na mfano wake mmoja nnaupenda: profesa kaombwa barua ya kumsifu mwanafunzi wake anayetafuta kazi ya kusomesha falsafa, akaandika kwamba kijana Kiingereza chake kizuri na masomoni anahudhuria, mwisho. Kila anayeisoma anajua kijana hafai, na hakuna neno baya lililoandikwa. Grice ingebidi aje kwetu wakati wa posa. Familia inakwenda kuulizia mtaani, "kijana wa nyumba ile vipi?", na jirani anajibu kwa upole, "Ah, salamu anatoa, na nguo zake safi." Wanashukuru, wanakunywa maji, wanaondoka, na posa imeshakufa.

Hilo ndilo fumbo, na ndio sababu kwa misumari ya shaba halifai. Mwenye nyumba ya wageni hakumfumbia fundi kitu, hakujua hata kuwa kiganja chake kimefumba. Wahenga wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na pale hakuna mwerevu wala mjinga, kuna watu wawili waliosahau. Kwa hivo kama aliyenyamaza alikusudia, chukua fumbo na wala usitafute jengine, hakuna lugha itakayokupa neno zuri kuliko hilo. Kama hakukusudia ukaita fumbo, umemzulia.

"Kimyakimya" nalipita haraka. Waingereza wana "tacit", kutoka Kilatini "tacere", kunyamaza, na watu wanatafsiri "makubaliano ya kimyakimya". Kwa sikio la Kiunguja kitu kilichofanywa kimyakimya kimefanywa ili mtu mwengine asijue. Ukiliandika kwenye mkataba watu wataulizana nani kala nini.

Ada na mazoea je? Hili ni la ile namna ya pili, yale ambayo wote wanayajua. Katika kanuni za fiqhi ipo moja inayosema lililo maarufu kwa ada ni kama lililoshurutishwa kwa sharti, na Waothmani, watawala wa Uturuki wa zamani, walipoziandika sheria zao za Majalla baina ya 1869 na 1876 waliitia ndani. Angalia hapo neno maarufu, asili yake ni lijulikanalo tu, linalofahamika na watu, sisi tumelipeleka kwa wasanii na wacheza mpira. Miimo ya mlango ni maarufu kwa maana ile ya zamani, huwezi kunletea mlango bila ya miimo ukanambia mbona hukusema.

Waingereza nao walifika hapohapo kwa njia ya majini. Kesi ya meli inaitwa The Moorcock, hukumu ya rufaa 1889. Wenye meli walikubaliana na wenye gati moja Mto Thames, London, meli ifunge pale ipakue mizigo, na pande zote zinajua maji yakikupwa meli itakaa chini. Maji yakakupwa kweli, meli ikakaa juu ya kigongo cha ardhi ngumu ikaumia. Kwenye mapatano hapana hata mstari mmoja juu ya chini ya gati kukoje. Mahakama ikasema sharti limo japo halikuandikwa, sharti kwamba wenye gati wamechukua hadhari ya kutosha kujua chini pakoje. Mtu wa Mkokotoni hahitaji jaji kumfahamisha hili, ukimwambia mtu leta chombo chako hapa ukifunge na unajua bahari inakupwa, lazima uwe unajua chini pana mchanga au pana mwamba. Kwa mambo ya namna hii mie naandika "yanayofahamika kwa ada", au "sharti lililomo bila ya kuandikwa", na wazee wote wawili, wa mahakamani na wa karakana, wanaelewa.

Lakini kumbuka ada ni ya pahala. Mwenye nyumba ya wageni hakukulia ada yetu, wala fundi hakukulia yake. Ukiita ada kitu ambacho upande mmoja haukijui, umeshamhukumu kabla hajasema.

Sasa chukulia. Hili mwanzo nlilidharau, nliona la kisokoni, halina hadhi. Mtu anasema "nlichukulia unakuja na gari", "usichukulie tu", maneno ya kila siku. Halafu nkaja kujua kwamba lile neno la Kiingereza lenyewe, "assumption", asili yake Kilatini "assumere", kutwaa, kukichukua kitu kwako, na ndo hilohilo wanaloiitia ile sikukuu ya Wakatoliki ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, yani katwaliwa mbinguni. Kwa hivo mtaa mzima unapiga tafsiri sahihi bila ya kamusi, chukua, chukulia. Umeokota kitu ukakitia mfukoni hukutazama ni nini, umeondoka nacho.

Sifa yake kubwa si hiyo nasaba lakini. Ni kwamba chukulia ni kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili aghalabu hakitembei peke yake, kinambeba mwenyewe mgongoni. Ni-mechukulia, u-mechukulia, wa-mechukulia, tu-mechukulia. Dhana, dhanio, kisio, haya majina unaweza kuyaweka juu ya karatasi yakasimama bila ya mwenyewe, na kitu kisichokuwa na mwenyewe kila mtu anaogopa kuwa ni chake, ndo kilichomkuta yule mzee, aliona DHANA, hakuona ya nani, akajiona yeye. Ukiandika chukulia huwezi kukimbia, silabi ya mwanzo inakuuliza, nani? Njia kubwa ya kukwepa ni "imechukuliwa kuwa", na mtu akiniletea karatasi yenye "imechukuliwa" nampigia simu kumuuliza kachukulia nani.

Na linaingia hata pale wanafalsafa wanapoumiza vichwa. Kuna sentensi yao mashuhuri, Bertrand Russell aliizungusha 1905 na Strawson akamjibu 1950, "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara". Ufaransa haina mfalme, sasa sentensi ni ya kweli au ya uongo? Kwetu sema "Sultani wa sasa wa Zanzibar ana upara", tangu Januari 1964 hapana sultani, na ukimwambia mtu barazani hatokwambia kweli wala uongo, atakwambia "sultani gani?" Russell anasema hiyo ni uongo, Strawson anasema swali la kweli au uongo hata haliinuki, na mtu wa barazani yuko na Strawson. Kwa Kiswahili chepesi, msemaji kachukulia kuwa yupo sultani. Hakusema yupo. Hakufumba. Hakudhani mtu vibaya. Hakukisia. Kachukulia.

Jaribu sasa kuyabadilisha katika sentensi moja uone yanavyotoa harufu tofauti. "Wana dhana kuwa fundi atatoa misumari", hapo fundi anashukiwa. "Wana kisio kuwa fundi atatoa misumari", hapo wamekaa wakapiga hesabu na huenda wana karatasi yake. "Wamemfumbia fundi kuwa atatoa misumari", hapo ni wajanja. "Ni ada fundi kutoa misumari", hapo ugomvi umeshaisha na fundi kashindwa. "Wamechukulia kuwa fundi atatoa misumari", na hapa ndo fundi ana nafasi ya kusema ndio au hapana. Hilo la mwisho tu ndilo linalomwachia mtu mlango wazi, samahani kwa mlango.

Udhaifu linao. Halina jina zuri. "Chukulio" nimeliona na silipendi, linakwama mdomoni, na "machukulio" ndo balaa. Kwa tasnifu ukilazimika kuwa na jina basi rudi kwenye dhanio, lieleze mara moja, uendelee. Na kama mwalimu wako anataka dhana fiche mpe dhana fiche, mwenye kutoa maksi ni yeye. Mie nazungumzia karatasi ambayo watu wawili wataisoma na kutia saini na kuishi nayo.

Nlirudi kwa fundi baada ya zile wiki mbili, nimeuandika upya ukurasa wa nne. Kichwa cha habari nimeweka MAMBO TULIYOYACHUKULIA BILA YA KUAMBIANA. Salamu zikawa fupi siku ile na kahawa haikuja. Akavaa miwani, kidole kikaanza. "Tumechukulia kuwa bei ya mlango ni pamoja na miimo, kizingiti na mfaa." Akaitikia kwa kichwa. "Tumechukulia kuwa mbao ni za mfenesi." Akaitikia. "Tumechukulia kuwa misumari ya shaba inatolewa na fundi."

Kidole kikasimama. Akanitazama juu ya miwani.

"Hii 'tu' ni nani na nani?"

Nkamwambia ni weye fundi na wao.

"Mie simo," akasema, akatoa ile penseli ya useremala sikioni, akaikata "tu" kwa mstari mmoja ulionyooka kama wa kupigia mbao, na juu yake akaandika "wa". Halafu akamwita mjukuu wake alete kahawa.